Mama Vyuma, Mara Mbili Mbele ya Kamera

Watu laki tisa na ushei walimwona Mama Vyuma kwa sekunde kumi na tisa, na kila mmoja akadhani keshamjua. Walimwona kwa mgongo zaidi: gauni la kazi la buluu, kitambaa kichwani, raba zilizolika soli upande mmoja. Halafu wakaandika. Wee, waliandika! Kuna bwana mmoja ambaye kwa picha yake tu unaona ngazi za ghorofa ya kwanza zingemmaliza, naye aliandika aya tisa nzima kuhusu adabu za jimu. Basi na sisi acha tuseme yetu, maana sisi tuna zaidi ya sekunde kumi na tisa.

Mama Vyuma ana miaka hamsini na sita. Jimu anayofanyia kazi ni ukumbi mmoja mrefu, chini ya duka la rangi za nyumba, wenye kioo ukuta mzima na mikeka ya mpira sakafuni. Ufunguo anao yeye. Saa kumi na moja na nusu alfajiri anafungua, anawasha feni, anapangusa mabenchi moja moja kwa kitambaa na chupa yake ya dawa, kisha anaanza kukagua vyuma. Aliajiriwa kufagia. Hilo ni kweli, wala halifichi. Ila mwezi wa pili tu baada ya kuajiriwa, miaka kumi na moja iliyopita, aliona jambo lililomshangaza mpaka leo. Wanaume wazima walikuja pale kujenga misuli, wakabeba vyuma saa nzima huku wananguruma, na wakimaliza hawakuwa na nguvu ya kurudisha sahani moja hatua tatu mpaka rafu ilipo. Sahani ni zile duara za chuma zinazochomekwa kwenye ncha za mtaimbo. Waliziacha hapo hapo, wakaenda kujipiga picha kwenye kioo.

Akaanza kuzirudisha yeye. Kocha wa kwanza wa jimu ile, marehemu sasa, alipomwona hakumcheka. Alimwita, akamfundisha. Ukipakua mtaimbo usimalize upande mmoja, mama. Toa sahani moja huku, zunguka, toa moja kule, hivyo hivyo mpaka mwisho. Ukimaliza upande mmoja wote, upande wa pili unalemea, mtaimbo unapinduka, na meno yako yanabaki sakafuni. Mama Vyuma akalishika hilo kama alivyoshika jina la baba yake. Kocha akaugua, akaacha kazi, na makocha waliomfuata walikuja na kuondoka. Vyuma vikabaki mikononi mwa mama. Jina la Mama Vyuma hakujipa, alipewa na wanachama, kwanza kwa utani, baadaye kwa heshima.

Na jimu ile ina desturi yake. Wengi wanafanya mazoezi na hedifoni masikioni, ukimwita mtu hasikii, na kumgusa bega hapana, si adabu. Kwa hiyo Mama Vyuma alianzisha alama. Akiona mtaimbo umepakiwa na mwenyewe yuko mbali, anaweka vidole viwili kwenye ncha ya mtaimbo, anamtafuta mwenyewe macho, anangoja. Ukitikisa kichwa kukataa, anakuachia. Ukiitikia kwa kichwa, umemaliza, anapakua. Miaka yote ile haikuwahi kuleta ugomvi. Hata wanachama wenyewe kwa wenyewe wakawa wanaulizana hivyo hivyo, kwa vidole viwili.

Sasa Jumatatu moja akaja mgeni. Kijana mmoja, kifua hiki hapa, mabega huko, na jina analojiita mtandaoni ni Kifua, hakuna la kubuni. Alikuwa na wafuasi elfu arobaini na stendi ya simu yenye taa. Alipanga kubeba kilo mia na ishirini akiwa amelala kwenye benchi, rekodi yake mpya, na wafuasi walikuwa wameahidiwa. Akapakia mwenyewe: kumi moja ndani na ishirini mbili nje kila upande, na mtaimbo wenyewe kilo ishirini. Akawasha simu. Akavaa hedifoni kubwa zinazofunika nusu ya uso. Kisha akasimama mbele ya kioo, hatua saba kutoka kwenye benchi, akaanza kujipandisha mori.

Alijipandisha mori dakika kumi na mbili. Mama Vyuma alikuwa na saa ya ukutani mbele yake, hazidishi wala hapunguzi. Dada mmoja mwanachama alikuwa anangoja lile benchi na amekwisha kutazama saa mara tatu. Basi mama akaenda, akaweka vidole viwili kwenye ncha ya mtaimbo, akamtafuta kijana macho kwenye kioo. Macho ya kijana yalikuwa nusu wazi. Akaitikia kwa kichwa. Akaitikia vizuri kabisa, mara tatu nne, kama mtu anayesema chukua mama, chukua tu.

Kumbe anafuata ngoma iliyokuwa inamdundia masikioni.

Mama akapakua. Ishirini moja huku, moja kule, ya pili huku, ya pili kule. Alipogeuka na ya nne kuiweka kwenye rafu, Kifua naye aligeuka, na kwa kuwa mori ulikuwa umempanda sawasawa, alikuja amefumba macho, akajitupa kwenye benchi, akashika mtaimbo na kusukuma kwa nguvu zote za kilo mia na ishirini. Mtaimbo una arobaini. Jamani! Ulipaa. Mikono ilinyooka kabla mwenyewe hajamaliza kunguruma, mtaimbo ukagonga vishikizo vya benchi kwa kishindo, na yule dada aliyekuwa anangoja akacheka mpaka akakaa chini.

"Nani kagusa chuma changu?" Kifua akapiga kelele.

"Mimi," akasema Mama Vyuma.

Hapo ndipo video inapoishia. Sekunde kumi na tisa. Mama anapakua sahani ya mwisho, kijana anarusha mtaimbo, swali, na "mimi" kavu kama fimbo. Alichosema mama baada ya hapo hakuna mtu wa mtandaoni aliyekisikia, kwa sababu Kifua alikikata. Na alisema hivi: "Nilikuuliza ukaitikia kwa kichwa. Kama ulikuwa unaitikia muziki, basi nimekosea mimi, baba. Nisamehe. Ngoja nikurudishie." Akazirudisha zote nne, kwa mikono yake, mbele ya watu. Kifua hakungoja. Alikunja stendi yake akaondoka.

Jumatano video ilikuwa kila mahali. Waliomtukana mama walimtukana, waliomtetea walimtetea, na kati yao wakazuka wengine ambao hata mama walimsahau, wakawa wanagombana wao kwa wao. Benchi ukiliacha dakika kumi bado ni lako? Mtu anayejirekodi ana haki gani kuliko asiyejirekodi? Hedifoni zipigwe marufuku? Kuna waliochukua ile "mimi" wakaiweka kwenye video zao wenyewe: mtoto anaulizwa nani kamaliza sukari, "mimi", mke anaulizwa nani kachukua rimoti, "mimi". Mama Vyuma alionyeshwa hiyo ya sukari na akacheka kweli kweli. Matusi nayo hayakumkosesha usingizi. Amelea watoto watatu akiwa mjane, matusi ya mtu asiyemjua yatamfanya nini?

Kilichomkata maini kilitoka nyumbani.

Anaishi na binti yake, kitindamimba, fundi cherehani, ambaye chumba cha mbele amekigeuza duka la kushonea. Jioni ya Jumatano binti alikuwa anapima mteja huko ndani, simu kaiacha juu ya meza ya kukatia, na simu ikawa inalia tiriri, tiriri, haikomi. Mama akaitazama. Komenti moja ilikuwa imependwa na watu elfu tatu, na jina juu yake lilikuwa la binti yake mwenyewe. "Mwacheni mama yangu jamani. Ni mfagizi tu, mtu mzima, hajui lolote kuhusu vyuma. Mwenye makosa ni huyo kijana."

Alisoma mara mbili. Akairudisha simu mahali pake, akaenda jikoni kuchambua mboga, na akazichambua muda mrefu kuliko kawaida.

Asubuhi, kabla ya kutoka, akasimama mlangoni na mkoba wake begani. "Ulinitetea," akasema. "Ahsante. Ila umesema uongo."

Binti aliinua uso kutoka kwenye kikombe. "Uongo gani, mama?"

"Kwamba sijui."

"Mama, nilitaka wakuhurumie! Watu walikuwa wanakula nyama yako mbichi huko."

"Sitaki kuhurumiwa. Nilikosea kama anavyokosea mtu anayejua kazi yake. Hiyo ni tofauti."

"Lakini kazi yako si usafi?" Binti aliuliza bila ubaya wowote, kwa nia safi, na hilo ndilo lililouma. Miaka kumi na moja mama anatoka alfajiri na kurudi jioni na mikono inanuka chuma, na mwanawe hajui anafanya nini huko. Na kosa ni la nani, kama si lake mwenyewe asiyewahi kusimulia? Binti akaendelea, sasa kwa upole: "Mama, umechoka. Wateja ninao, chakula hakitukosi. Jumamosi nakuja kukuchukua, unawaaga, basi. Watu wakusahau."

"Njoo," mama akasema. "Njoo Jumamosi."

Akaenda kazini na jambo moja tu kichwani: mwanangu lazima aone. Lakini kufika, bosi alikuwa anamngoja mlangoni na tabasamu la mtu mwenye habari mbili.

Bosi si mtu mbaya. Ni mtu wa sura, basi. Anapenda jimu ipendeze. Mwaka jana alileta fundi wa rangi ili sahani zote ziwe nyeusi tii, na namba kwa dhahabu. Habari ya kwanza ilikuwa hiyo video: simu zinaita kutwa, watu wanaulizia, tangazo la bure kabisa. Kifua anarudi Jumamosi kujaribu tena, laivu, hapa hapa! Habari ya pili aliisema huku anatazama raba zake mwenyewe. "Kuanzia leo, mama, wewe ni sakafu na bafu. Vyuma usiguse. Na Jumamosi ukae chumba cha kufulia, mpaka amalize. Si unaelewa?"

"Na vyuma vitarudishwa na nani?"

"Kila mtu atajirudishia."

Mama Vyuma alimtazama mpaka bosi mwenyewe akaona aibu kwa aliyoyasema. Kisha akamwambia jambo moja la kazi. "Basi chini ya ngazi, nyuma ya ndoo, kuna sahani mbili. Zisitoke pale. Yule fundi wako wa rangi alizichanganya, kaziandika ishirini na ni kumi na tano. Nilikwambia tangu mwaka jana."

"Sawa, sawa, nitaleta mtu azifute," bosi akasema, kama alivyosema mwaka jana.

Siku mbili zile zilikuwa ndefu. Alideki, alisugua bafu mpaka vigae vikawa vinamuonyesha uso wake, na kila akipita na ndoo aliona vyuma vyake vilivyogeuka watoto yatima. Kumi juu ya ishirini, tano katikati ya njia, mtaimbo mmoja umeegemezwa ukutani kama ufagio. Mikono ilimwasha. Hakugusa. Ameambiwa asiguse, na yeye ni mtu wa kazi, amri ya bosi ni amri ya bosi. Lakini moyoni alikuwa anachemka, na ndoo ilijua, kwa jinsi alivyokuwa anaitua.

Ijumaa jioni, mama akiwa amekwisha kwenda nyumbani, bosi akaandaa ukumbi kwa ajili ya kamera. Akatazama rafu ya ishirini akaona ina pengo la sahani mbili, kama kinywa kilichong'oka meno. Sura kwanza! Akaenda chini ya ngazi, akazitoa zile mbili, akazipangusa vumbi, akazipachika juu kabisa kwenye rafu, mahali ambapo mkono wa mtu unafika kwanza.

Jumamosi saa nne asubuhi watu walikuwa wamejaa. Thelathini, arobaini, na kila mmoja na simu yake. Bosi kavaa shati jeupe. Binti wa mama alifika na kibegi chake cha mkononi, akasimama karibu na mlango, uso umekaza. Mama alimwona kutoka chumba cha kufulia, ambako alikuwa anakunja mataulo na mlango kauacha wazi robo. Walitazamana. Binti akamfanyia ishara ya mkono, kwamba wakimaliza tunaondoka.

Kifua akapakia mwenyewe, kama kawaida yake. Ishirini mbili kutoka juu ya rafu, upande wa kushoto. Ishirini mbili kutoka chini, upande wa kulia. Kumi huku, kumi kule. Vibanio vya kuzuia sahani zisiteleze akavirusha bila kuvikaza sawasawa, maana alikuwa anaongea na wafuasi. Elfu sita walikuwa wanatazama laivu.

Na Mama Vyuma, taulo mkononi, akaona. Sahani ya kumi na tano ni nyembamba kidogo kuliko ya ishirini, hata uipake rangi gani. Ncha ya mtaimbo upande wa kushoto ilikuwa imetokeza kupita ya kulia, kwa upana wa kidole kimoja. Hakuna mwingine mle ndani ambaye angeliona hilo, na ukimuonyesha angesema ni macho yako. Kilo kumi za tofauti, vibanio vimelegea, juu ya kifua cha mtu aliyelala chali. Kulia kungelemea, sahani zingeteleza, mtaimbo ungepinduka. Koo na uso wa kijana vilikuwa chini yake.

Alimpungia bosi mkono. Bosi akamwona, akampungia naye: rudi ndani. Akampungia tena, kwa nguvu. Bosi akakunja uso na kumpa mgongo. Kifua akalala. Akashika mtaimbo. Watu wakaanza kuhesabu kwa sauti moja.

Je, alifikiria? Alifikiria sana tu, ila alifikiria huku anatembea. Kwamba kazi imekwisha. Kwamba laki tisa watakuwa milioni mbili. Kwamba mwanae yupo pale mlangoni na ataona mama yake anaharibu tena, mchana kweupe. Yote hayo aliyawaza, na miguu haikusimama. Akapita mbele ya kamera, akaitupia ile simu taulo ikafunikwa gubigubi, akazunguka mpaka kichwani mwa benchi, akaweka viganja viwili juu ya mtaimbo na kuulalia kwa uzito wake wote.

Ukumbi mzima ukasema "Haa!"

"Inuka, mwanangu," akasema.

"Mama, tena?" Kifua alikuwa haamini. "Tena wewe?"

"Tena mimi. Inuka kwanza, matusi utanipa ukiwa umekaa."

Bosi alikuwa keshafika, shati linatikisika. "Mama! Nilikwambia nini? Nilikwambia nini mimi?" Mama hakumgeukia. Alimngoja kijana anyanyuke, kisha akapakua. Za kumi kwanza, kisha moja ya kushoto, akazunguka, moja ya kulia. Akampa Kifua mkono wa kushoto ile ya kushoto, na mkono wa kulia ile ya kulia, zote nyeusi tii, zote zina ishirini ya dhahabu. Akamwambia kwa sauti ya chini, ya watu wawili tu: "Usiniamini mimi. Zipime mwenyewe."

Kifua alisimama nazo. Mkono wa kulia ukashuka kidogo, wa kushoto ukabaki. Akazibadilisha. Ukashuka wa kushoto. Ana makosa mengi kijana yule, lakini mikono yake ni mikono ya kazi, na haikumdanganya. Rangi ikamtoka usoni.

"Na mwenzake?" akanong'ona.

"Na mwenzake pia. Zote mbili upande mmoja. Simu nimeifunika ili usiaibike mbele za watu. Kosa la kupakia linarekebishwa kimya kimya, halitangazwi. Haya, nipishe."

Akapakia yeye. Ishirini za kweli akazichagua mwenyewe kwenye rafu, bila hata kusoma namba, anaigusa tu ukingo na kuichomoa. Kulia, kushoto, kulia, kushoto, na kumi. Vibanio akavikaza mpaka vikalia. Alifanya haraka, hakuna hatua ya ziada, mgongo umenyooka. Binti alikuwa ameacha mlango. Alikuwa amesogea mpaka mstari wa mbele, mdomo wazi.

Kifua akaenda mwenyewe kuitoa ile taulo. Akaitazama simu. "Sahani mbili zilikuwa na namba ya uongo," akawaambia watu wake elfu sita, ambao sasa walikuwa elfu kumi na moja. "Huyu mama kazijua kwa kuangalia tu. Ningekuwa hospitali saa hizi." Akafungua kinywa akakifunga. Kilichofuata kilimtoka kwa taabu kuliko chuma chochote alichowahi kubeba. "Na Jumatatu aliniomba radhi palepale. Nilikata kipande hicho. Ilipendeza zaidi bila hiyo." Kisha akamgeukia mama. "Mama, utanisimamia?"

Akamsimamia. Mikono chini ya mtaimbo bila kuugusa, macho kwenye viwiko vya kijana. Ulishuka, ukagusa kifua, ukasita katikati ya njia, ukatetemeka. "Bado unazo," mama akamwambia. "Sukuma!" Ukapanda. Mia na ishirini za haki, kilo kwa kilo, na ukumbi ukalipuka kwa vigelegele na kupiga makofi. Mama Vyuma naye alifurahi, kwa nini afiche? Alifurahi kama vile mikono iliyosukuma ni yake.

Bosi alizichukua zile sahani mbili, moja kila mkono, akazipeleka chini ya ngazi peke yake, na aliporudi shati jeupe lilikuwa na duara mbili nyeusi tumboni. "Mama," akasema, anahema, "vyuma... viko vibaya sana tangu Alhamisi."

"Nimeviona, bosi."

"Basi... si unaelewa."

"Sielewi. Sema."

Bosi akatazama huku na huku. Watu walikuwa wanasikiliza. "Vyuma ni vyako, mama. Hakuna mwingine atakayevipanga hapa."

"Na hao wanachama wako warudishe wanavyobeba. Mimi nasimamia, si punda wao."

"Na warudishe," bosi akasema.

Watu walipopungua, binti akaja. Hakusema tuondoke. Alisimama mbele ya rafu anazitazama sahani kama mtu anayetazama chumba cha nyumbani kwao alichokuwa hajawahi kukifungua. Akashika moja ya kumi na tano, ya kweli hii, akaivuta kwa mikono miwili, akaibeba hatua nne na kuitua kwa kishindo, anacheka na kuhema. "Mama, hizi unabeba ngapi kwa siku?"

"Siku tulivu, mia mbili. Hiyo ni nyepesi." Akachukua ya ishirini kwa mkono mmoja, akaipachika, akarudi kuchukua nyingine.

Binti alimtazama akienda na kurudi. Mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Macho yalikuwa yamemlowa na hakuyafuta. Kisha akatoa simu kwenye kibegi, akatafuta ile komenti yake ya Jumatano, akaifuta. Akabaki na kidole juu ya kioo.

"Nataka kuandika nyingine," akasema. "Niandike nini, mama?"

Mama Vyuma alikuwa na sahani mkononi. Aliipachika kwanza, akaisukuma mpaka ikafika mwisho, ndipo akajibu.

"Andika mimi ndiye ninayesimamia vyuma hapa. Andika Jumatatu nilikosea, na leo sikukosea."